Upande wa Joto wa Ukuta

...na jambo la mwisho la kawaida mke wangu Rumyana alilonituma ni soksi, soksi za sufu, mwezi wa Mei, nikamwambia nje kuna nyuzi joto ishirini na mbili, akasema hizo nyuzi hazijafika miguuni mwangu, nikapanda juu, nikachelewa kidogo kwa sababu nilitaka zilingane, na niliposhuka nazo hakuwa na haja nazo tena... ndani au nje, mwalimu, anauliza fundi Trendafil, penseli sikioni, ameshauliza mara mbili, anataka neno moja tu ili kesho aanze kukivika chumba kipya vibao vya povu gumu vya kuzuia baridi, unene sentimita kumi, ama kwa ndani ama kwa nje, na mimi niliyefundisha fizikia miaka thelathini na moja hapa Samokov nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kusoma. Wiki iliyopita nilisema ndani. Nilisema napenda matofali yaonekane, naye akacheka, akasema matofali haya nimeyapanga mimi, mwalimu, na hata mimi siyapendi... anajua, macho yake yanarudi pale pale, kando ya dirisha, kwenye karatasi yenye picha ya Rumyana na maneno Siku Arobaini Bila Yeye, ambayo wengine huibandika mlangoni kwa utepe na mimi nikaibandika kwenye ukuta huu, kwa nje, kwa kuwa chumba hiki alikichora yeye, na utepe ulikataa kushika tofali, basi nikatumia gundi ya vigae, mtu mwenye shahada, gundi ya vigae, sasa haitoki ila kwa kuchanika, na hata ingetoka, hapa kwetu hakuna anayebandua karatasi ya marehemu, huachiwa mvua. Viota vya ndege nimebandua, anasema Trendafil, picha za wagombea nimebandua, tena kwa raha zangu, hiyo usiniombe. Sikumwomba. Anaendelea, sauti inakuja na kupotea, kitu kuhusu binti yangu Kalina, kwamba anarudi Desemba kutoka Vienna na kichanga chake, kwamba tukivika ndani, chumba cha mita mbili na themanini kitabaki mbili na sitini, kitanda cha mama kikiingia cha mtoto kitakaa wapi, dirishani? na mimi siwazi upana, nawaza jasho, kwa sababu ukivika ndani tofali lenyewe linabaki na baridi ya mtaani, nyuzi mbili, tatu, pumzi za waliolala zinapenya nyuma ya vibao, zinakutana na ubaridi ule, zinakuwa maji, maji yanaota ukungu mweusi, na ukungu unaishia kifuani mwa mtoto ambaye mpaka leo nimemwona kwenye simu tu, nimelichora hilo mara ngapi, mstari mwekundu wa joto, mstari wa buluu wa umande, inapokutana ndipo panapolowa...

"Swali hili hili shuleni ulinipa mbili kati ya sita, mwalimu," anasema Trendafil. "Sasa mimi nikupe ngapi?"

Mbili, nawaza, na hiyo ni kwa huruma, kwa sababu jibu nalijua tangu Juni na nimekuwa nikiizunguka karatasi kama mbwa anavyozunguka beseni la maji ya moto, naiangalia sasa, naiangalia kweli, jua la kiangazi limekula wino, nywele zake nyeusi zimekuwa rangi ya chai, midomo inaondoka, kufikia machipuko patakuwa na jina tu na chini ya jina weupe, na mimi ndiye niliyetaka abaki huku, kwenye upepo unaoshuka kutoka milima ya Rila, mwanamke aliyekuwa akifungua mlango wa oveni na kuweka miguu pale mwezi Septemba... lakini ngoja, vibao vikiwa nje ukuta wote unahamia upande wa chumba, tofali linapata nyuzi kumi na saba, hata Januari, napiga hesabu tena, kumi na saba, pakavu, bila jua, na karatasi iko hapo hapo, juu ya tofali, chini ya kibao, upande wa joto, ni karatasi, najua, karatasi haisikii baridi, mimi si mtu wa mambo hayo, lakini hesabu ndiyo hiyo, sikuipinda, na tangu Mei hakuna namba iliyonifurahisha ila hii, na mtoto atalala kichwa chake kikiwa sentimita ishirini na tano kutoka kwa bibi yake, upana wa tofali moja... Trendafil anaikung'uta sigara ambayo haijafika nusu, bado anasubiri.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajafika, nilikoroga gundi na kubandika kibao cha kwanza mwenyewe, nje, kando ya dirisha. Mafundi hupaka gundi kuzunguka kingo, kisha huweka madonge matatu katikati. Mimi niliweka mawili. La kati nililiacha, lisimguse uso.