Shingo ya Mzee Mahona

Felisita alikuwa fundi cherehani pale Bariadi. Mwaka ule wa tisini na sita mitumba ilikuwa imemkosesha wateja, lakini mkono wake ulikuwa bado haukosei. Kabla baba yake, Mzee Mahona, hajaanza sindano za saratani, Felisita aliipima shingo ya mzee iliyovimba kwa futi kamba: inchi kumi na saba. Baada ya sindano ya pili, kumi na sita. Baada ya ya nne, kumi na nane na nusu.

Kila walipokwenda hospitali Mwanza, Daktari Januarius aliuliza swali moja.

"Mzee, unakula?"

"Nakula."

"Vizuri. Dawa inafanya kazi." Shingo hakuigusa.

Safari ya tano Felisita hakuinuka kitini.

"Daktari, uvimbe unakua. Nimepima."

"Kwa kitu gani?"

"Futi kamba."

Daktari akamtazama nesi, wakacheka. "Dada, hii si kola ya shati. Tuachie kazi yetu."

Damu ikamchemka Felisita. "Basi ifanye. Siku ya kwanza ulimpima ukaandika kwenye faili. Soma, kisha umpime leo. Sitoki."

Daktari akafungua faili, akapima, akarudia. Hakucheka tena.

"Uvimbe ulianza kupungua," alisema mwishowe. "Sasa umerudi. Dawa imeshindwa."

"Tangu lini?"

"Huenda tangu ile ya tatu."

"Ametapika wiki nzima kila sindano, kikombe hawezi kushika, na wewe unaandika anakula."

Daktari akasema iko mionzi Dar es Salaam. Ingepunguza maumivu, kuponya hapana. Felisita akamgeukia baba yake, akamweleza yote kwa Kisukuma, bila kulainisha neno.

"Nilijua," Mzee Mahona alisema. "Shati linanibana. Nilijibu nakula kwa kuwa niliona jibu hilo linamfurahisha daktari."

Felisita alitamani kuwapigia kelele wote wawili.

"Dar siendi," mzee aliongeza. "Nirudishe nyumbani Zagayu."

Walirudi na vidonge vya maumivu. Mzee aliishi wiki saba bila kutapika, akila wali kidogo na kubishana na wachumaji wa pamba. Msibani watu walimwambia Felisita amshukuru Mungu. Kwa wiki saba zile alishukuru. Kisha akamwandikia mganga mkuu wa hospitali ile barua ya kurasa tatu juu ya shingo isiyopimwa, akapanda basi kwenda kuipeleka kwa mkono wake.