Wasifu wa Jenerali Aliye Hai

Jeshini walikuwa na desturi moja ya ajabu: jenerali huandikiwa wasifu wa mazishi yake angali hai, akausikiliza, akautia sahihi. Ni kuepusha makosa, walisema, kwa kuwa maiti hasahihishi. Ndiyo maana asubuhi ile karani wa makao makuu alikuwa sebuleni, kofia magotini, kurasa sita mezani, akingoja Jenerali amalize uji.

Uji wenyewe alikuwa akinyweshwa na dada yake mkubwa. Kiharusi kilipomlaza upande wa kushoto, mkewe alikwisha kufa na watoto wako ng'ambo, wana kazi nyingi. Dada alifunga cherehani yake akahamia. Alimbeba mgongoni utotoni, na sasa, mwaka wa pili huu, alikuwa akimgeuza kitandani. Shukrani aliyopata ni ile ya punda, mateke.

"Soma," Jenerali aliamuru.

Karani akasoma. Kuruta, luteni, meja, hadi juu kabisa. Nishani kumi na moja, na kubwa kuliko zote ile ya ushujaa, ya siku alipookoa kikosi chake chote darajani.

"Chote?" Dada aliuliza.

Darajani alikuwapo pia kitinda mimba wao, koplo, amewekwa na wenzake wanne kulinda ng'ambo ya mto. Jenerali, wakati huo meja, alikirudisha kikosi nyuma, akalipua daraja. Wale watano akawaandika watoro. Mama yao aliacha kutoka nje kwa aibu, akafa hivyo hivyo. Lakini la kuvunda halina ubani. Mwezi uliopita mtu wa redio wa kikosi kile alikuja kumwona mkubwa wake wa zamani, na Dada alipomsindikiza hadi getini, mzee wa watu alilia akasema yote. Dada aliyameza, akaingoja siku hii ya wasifu.

"Mdogo wangu," alisema, akiweka kikombe chini, "hukuwaita."

Karani aliinamia kofia yake.

"Redio iliharibika," Jenerali alijibu.

"Ilikuwa nzima. Aliyeishika anasema hukumpa amri ya kuwaita. Uliwasahau."

Chozi lilimtoka Jenerali, naye Dada, masikini, akaingiwa na tumaini.

"Sitaki uaibike. Nataka mstari mmoja tu. Sema mdogo wetu hakutoroka, alifia lindoni. Basi."

"Nikisema hivyo, Dada, nishani inaondoka. Na kambi yenye jina langu. Wajukuu wangu wataitwaje?"

"Wajukuu wa mtu aliyesahau. Nani hasahau?"

"Koplo anaweza kusahau. Jenerali hasahau."

Hata hivyo alinyoosha mkono wake mzima, akaomba kalamu. Dada alimshikia karatasi isiteleze. Jenerali aliandika polepole, ulimi nje, kama alivyokuwa akiandika hesabu zake za shule. Alipomaliza, Dada alisoma. Mdogo wake alikuwa amekata "kumi na moja", akaandika "kumi na mbili".

"Ile ya kustaafu mmeisahau," alimkaripia karani. "Kazi gani hii?"

"Samahani, mkuu."

"Na mwisho uongeze: aliuguzwa na dada yake mpendwa, ambaye hakumwacha hata siku moja."

Dada alimfuta mdogo wake uji kidevuni, kwa sababu mkono ulikwisha kuzoea, akavua aproni, akaingia chumbani. Alitoka na mkoba wake na viatu vya kutokea.

"Dada, unakwenda wapi? Nani atanigeuza?"

Dada alimgeukia karani, ambaye kalamu yake ilikuwa bado hewani.

"Hicho alichosema usiandike, mwanangu."

"Sasa niandike nini, mama?"

"Andika dada yake ni mtoro," alisema, akafungua mlango. "Neno hilo mmelizoea."