Kipengele cha Baba

“Cheti cha kifo kiko wapi?”

Mzee Twalibu, mwenyekiti wetu wa mtaa, aliuliza bila kuinua macho. Mbele yake ilikuwa fomu yangu ya mkopo wa chuo. Penye kipengele cha baba nilikuwa nimeweka alama kwenye “Amefariki”, kwa mkono wa mtu asiye na shaka. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho yake.

“Hatuna, babu,” nilisema. “Alizikwa huko huko Nzega.”

Nilimtazama mama anisaidie. Alikuwa kwenye benchi la ukutani, anasokota ncha ya kanga kidoleni, anaifungua, anaisokota tena.

Nilikuwa na miaka minne baba alipopanda lori la asali kwenda Nzega. Habari za kifo chake zilimfikia mama peke yake. Akakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipaki hata mafuta. Nilipokua nikamuuliza mbona hatujawahi kwenda kaburini. “Barabara hii ya misafara ndivyo ilivyo tangu enzi za wapagazi,” alijibu. “Inachukua mwanaume, inarudisha habari.” Jibu hilo nililipenda mno. Nililiweka hata kwenye insha ya shule, nikapata alama nzuri.

“Cheti kinapatikana,” Mzee Twalibu alisema, sasa kwa upole. “Hitma ya marehemu Majidi niliisoma mwenyewe. Nawaandikia barua ya kuthibitisha, mnaipeleka mchana huu kwa msajili. Kesho binti anakwenda kuapa kwa hakimu kwamba yote aliyojaza ni kweli. Basi.”

Akaandika taratibu, mwandiko wa madrasa, kila herufi na heshima yake. Akafungua kibati cha wino, akachovya muhuri.

“Usigonge, Mzee.”

Mama alikuwa amesimama. Muhuri ukabaki hewani.

“Najiat hawezi kuapia uongo wangu. Majidi yuko Lusu, huko huko Nzega. Ana mke, ana watoto. Talaka yangu aliniletea dereva wa lori, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari.”

“Ukatusomesha hitma ya mtu aliye hai, Kuluthumu?”

“Aliyefiwa hupikiwa uji, Mzee. Aliyeachwa husemwa.”

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yangu alificha uhai, na kilichomuumbua ni fomu. Nilimchukia pale pale, siwezi kudanganya. Miaka kumi na tano nilimwombea dua marehemu ambaye asubuhi ile pengine alikuwa anakunywa chai na wanawe. Na mkopo nao niliuona unakwenda na maji.

Mzee Twalibu aliichana barua vipande vinne. “Kajaze upya,” aliniambia. “Andika alivyo.” Nilikimbia hadi kwenye duka la kuchapisha fomu huku nalia, nikarudi na karatasi mpya, akaigonga muhuri. Kesho yake niliapa. Nilichoapia kilikuwa kweli.

Mkopo niliupata. Mama alipata ya kwake: karani wa ofisi, aliyekaa nje ya mlango ulioachwa wazi, alikuwa na masikio, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulijua. Wanawake wa maulidi waliacha kumwita. Vitumbua alivyokuwa anauza vikalala wiki nzima, tukavila wenyewe. Hapo ndipo nilipokuja kuelewa kwamba angeweza kunyamaza. Muhuri ulikuwa umeshachovywa.

Siku hizi nafundisha sekondari, huko Igalula. Kila mwaka vijana hunijia na fomu zao, nami nazikagua kwa ukali: jina lilingane na la cheti cha kuzaliwa, tarehe isipishane, sahihi isikosekane. Tukifika kipengele cha baba, natoka nje, namwacha mtoto na mzazi wake.

Nilimsimulia mama hilo likizo iliyopita, anachambua mchele. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

“Mlango unaufunga?”

“Naufunga, mama.”

Akaendelea kuchambua.