Barafu ya Mwezini Ndani ya Shimo Letu

Mdogo wangu Beatus ni mwalimu wa sayansi, na ni mbishi hakuna mfano. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake habari za mashimo ya mwezini ambayo jua halijawahi kuyafikia, ambamo hata gesi huganda ikawa ngumu kama jiwe. Basi akaleta kutoka Dar sanduku la barafu kavu, yaani gesi iliyogandishwa, na ili isiishe upesi akaifukia kwenye pumba za mpunga, kama wavuvi wa huku wanavyotunza barafu yao. Tena akaifukia wapi? Chini kabisa ya shimo la choo alilotoka kulichimba mume wangu, Remigius, hapa kwetu Mchombe!

Asubuhi Remigius akashuka kwa ngazi kumchukulia Beatus kipande. "Lo, baridi hiyo!" akasema. Kisha kimya.

Nikachungulia. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya pumba.

Nikaweka mguu kwenye ngazi. Beatus akanidaka kiunoni.

"Dada, usishuke! Humo hakuna hewa!"

"Niache! Shimo liko wazi, hewa imekwenda wapi?"

Nilimng'ata mkono, hakuniachia. Akawasha karatasi, akaidondosha. Ilizimika kabla haijamfikia mume wangu.

"Barafu imerudi kuwa gesi," akasema. "Mwezini ingepotelea angani. Hapa ni nzito kuliko hewa, imejaa shimoni kama maji ya mafuriko."

"Kwa hiyo umemuua!"

Beatus alijifunga kamba kiunoni, ncha akatupatia mimi na majirani waliokuja mbio. "Nikitikisa, vuteni. Nisipotikisa, vuteni vilevile." Akabana pumzi, akashuka.

Mume wangu humo, mdogo wangu humo, na mimi nimeshika kamba moja. Yesu na Maria! Kamba haikutikisika. Tukavuta huku tunalia.

Beatus alitoka akihema, amemkumbatia Remigius ambaye midomo yake ilishakuwa myeusi. Nilimpulizia pumzi kinywani, nikamgonga kifua, nikamtukana, nikamwomba asiniache. Mwishowe akakohoa. Akafumbua macho. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

"Remi! Mume wangu!"

Akanitazama usoni kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza, kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, mama," akasema.