Mlinzi Aliyefundishwa Kuwakaribisha Wezi

"Usinipandishie sauti, shemeji. Nimeuliza kitu kimoja tu: nani ameligusa jaribio langu?"

"Ofisi hii ina mwenyewe," shemeji yake alijibu, akikaza tai mbele ya kioo cha dirisha. "Na mwenyewe ni mimi."

"Basi sema ni wewe."

"Ni mimi. Umeridhika?"

Ataridhikaje? Mama Kufuli, kama walivyomwita pale kazini, alikuwa fundi wa seva, zile kompyuta za kutunzia data, tangu kampuni ya kaka wa mumewe ilipokuwa meza mbili na feni bovu. Jaribio lenyewe aliliandika kwa mkono wake: programu inayojiendesha, inayozunguka seva nzima kutwa kucha, ikijifanya mgeni asiyealikwa na kubisha kila mlango. Ikifukuzwa kote, skrini ya ukutani inawaka kijani. Mlango mmoja ukiikaribisha, nyekundu.

Asubuhi hiyo skrini ilikuwa kijani. Lakini Mama Kufuli hakuwa mtu wa kuamini skrini. Akiwa na kikombe cha chai mkononi, aliandika kwenye simu yake anwani ya folda ya majibu ya maabara, bila nenosiri. Ikafunguka. Majina, umri na magonjwa ya wateja wote wa kliniki ambayo kampuni iliitunzia data, hadharani kama nguo kwenye kamba. Alipolichungulia jaribio akakuta mstari mmoja umegeuzwa: pale lilipodai mgeni afukuzwe, sasa lilidai apokewe. Mlinzi amefundishwa kuwapigia wezi saluti.

"Programu ya simu ilikuwa inagoma," shemeji alisema. "Mganga mkuu wa kliniki anakuja kuiona sasa hivi. Jana nikaifungua folda bila nenosiri, programu ikakubali. Jaribio lako likaanza makelele, nikalinyamazisha. Wiki ijayo tutarekebisha."

"Wiki ijayo ipi? Ile ya mwaka jana bado naisubiri."

"Nani ataijua anwani yenyewe, bwana?"

Akamsogezea simu usoni. "Huyu binti ana miaka kumi na tisa. Soma alichopimwa."

Shemeji akageuza uso. "Mimi sisomi siri za watu."

"Hapana, wewe unazibandika ukutani."

Simu ikalia mkononi mwa Mama Kufuli. Mumewe. Kumbe kaka mtu alishawahi kumpigia.

"Mama watoto, mwache kaka apite leo tu. Ndiye aliyetushika mkono. Mengine tutaongea nyumbani."

"Umeuliza nini kimetokea?"

"Nimeambiwa mmekorofishana."

Mama Kufuli akakata simu. Hilo ndilo lililomkaa kooni. Mitambo ikifa katika ukoo ule, yeye ni injinia. Akifungua mdomo, ni mke wa mtu.

Viatu vikasikika kwenye ngazi. Shemeji akashusha sauti, sasa ya kubembeleza. "Shemeji yangu, nakuomba. Kliniki ikituacha tumekwisha. Saa moja tu. Wakiondoka, funga utakavyo. Ila ukigusa kitu sasa hivi, kesho usije."

Saa moja. Alishawishika, asiseme uongo. Watoto wanasoma, nyumba ina midomo ya kulisha. Lakini kumbukumbu za seva zilikuwa mbele yake, na ndani yake mgeni asiyemjua, kutoka anwani asiyoijua, alikuwa akipakua majibu, moja baada ya jingine, bila haraka.

Akakaa. Akaandika amri. Folda ikafungwa.

Kwa kuwa jaribio lilikuwa limefundishwa kutaka mlango wazi, lilipoukuta umefungwa likapiga kelele. Skrini nzima ikageuka nyekundu, na papo hapo mganga mkuu akaingia, mkoba kwapani.

"Kulikoni?" aliuliza, macho ukutani.

"Kitu kidogo, daktari, mtandao tu," shemeji alisema, meno yote nje. Akainama sikioni mwa Mama Kufuli. "Rudisha ule mstari wako. Rudisha iwe kijani, tuseme yameisha."

Angeweza. Ni kugeuza mstari mmoja, na kila mtu angekunywa chai yake. Mama Kufuli akaondoa mikono kwenye kibodi, akasimama.

"Daktari, majibu ya wagonjwa wako yalikuwa wazi kwa dunia nzima tangu jana. Shemeji yangu ndiye aliyeyafungua, na kuna mtu ameshayachukua. Vuta kiti nikuonyeshe ya akina nani, uwapigie simu wao kwanza."