Mwiba Usiokuwepo Kinywani mwa Pamba

Ta. Ta. Kitu kilikuwa kinadondokea kifuniko cha sufuria, na nje hakujapambazuka. Nilidhani bati linavuja, nikakumbuka huu ni Agosti, na hapa Lipingo mvua bado iko mbali. Nikawasha tochi ya simu. Pamba, paka wa binti yangu Walburga, alikuwa ameinamia kifuniko, mdomo wazi, udenda wenye damu unamtoka tone kwa tone.

“Mwiba wa samaki huo, wa mbasa,” mama mkwe alisema kulipokucha. “Bado haujashuka tu.”

Sisi wa ziwani, mwiba ukikukwama kooni unameza tonge la ugali bila kutafuna, linausukuma. Basi wiki tatu nilikuwa namfanyia Pamba hivyohivyo. Namfunga kwenye kanga, namfumbua taya, nasukuma kijitonge kwa kidole. Analia, ananiparura, na Walburga wa miaka sita anatazama. “Atapona, mwanangu,” namwambia. Nami nilikuwa naamini kweli.

Siku hiyo bwana mifugo, Placidi, alikuja kijijini kuchanja mbwa. Nikampeleka Pamba ndani ya kikapu, Walburga akinifuata.

“Eti Mama Walburga, siku hizi paka nao wanakwenda kliniki?” kijana mmoja mwenye mbwa akanirushia. Wenzake wakacheka.

Placidi alivaa glavu, akamfumbua Pamba kinywa taratibu. Kisha akaniita kwa kichwa. “Sogea uone mwenyewe, dada.”

Chini ya ulimi palikuwa na nyama nyekundu kama harage, imechimbika katikati, ugali wa jana umenata humo. Jino aliloligusa likacheza.

“Mwiba uko wapi?”

“Hakuna mwiba. Ninavyoona mimi hii ni saratani. Uhakika wangetoa maabara, lakini imeshaingia kwenye taya.”

Saratani niliisoma kwenye masomo yangu ya jioni, lakini ile ya watu. Ya paka sikuwahi kuiwaza. Na palepale penye kidonda ndipo kidole changu kilikuwa kinasukuma. Wiki tatu!

“Mimi ndiye niliyemsababishia?”

“Hapana. Umemtonesha tu, hukujua.” Akavua glavu moja. “Sasa hali wala hanywi. Naweza kumchoma sindano alale moja kwa moja. Au umrudishe nyumbani, afe kwa njaa. Uamuzi wako.”

“Hata Mbinga hakuna dawa? Hata Songea?”

“Ingekuwepo ningekuambia, dada.”

Wale vijana hawakuwa wanacheka tena. Nilimgeukia mwanangu nimwambie twende nyumbani, Pamba atapona. Nikakishika kikapu, nikakiachia.

Walburga alikuwa amechuchumaa kando ya kikapu, mkono mgongoni mwa Pamba. Akainua uso kwa Placidi, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia:

“Mchome sasa, anaumia.”