Bega Likiguswa

Nereida ni mtoto wa marehemu kaka yangu, lakini nimemlea mimi, kwa hiyo nitamsifu nipendavyo. Asiyetaka kusikia akafungulie redio.

Alikuja kijijini kwetu kutoka chuoni, mjini Xalapa, na wenzake wawili kurekodi video ya muziki, mtihani wao wa mwisho wa mwaka. Iker alishika kamera. Renata, binti wa mjini mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, alikuwa ametunga wimbo na kuuimba. Mwongozaji ni Nereida wangu. Mpango ulishapitishwa na mwalimu wao: Renata peke yake katika miwa, Renata peke yake kando ya ziwa, kisha Renata peke yake juu ya tarima yetu, jukwaa la mbao la kuchezea, akicheza ndani ya moshi wa mashine. Na mwalimu alikuwa ameonya kwamba atakayeubadili mpango ajiandae kurudia mwaka.

"Kwani huyu binti hana ndugu?" nilimuuliza Nereida.

"Shangazi, hiyo ni sanaa."

"Haya, sanaa. Mimi nakanda unga wa tamale."

Miwa na ziwa vilikwisha siku ya kwanza. Siku ya pili tukaitoa tarima uani, ile aliyoitengeneza kaka yangu, na mzee Abundio akaanza kukaza nyuzi za jarana yake. Wageni walidhani tutakuwa peke yetu. Kwetu tarima ikitoka nje na jarana ikalia, nani anangoja mwaliko? Moshi haujapanda vizuri, ua umejaa wanawake waliovaa viatu vya kuchezea.

Nereida akawaomba kwa adabu wakae nyuma ya kamera. Wakakaa, na Renata akapanda.

Sasa, kwetu wimbo ukiimbwa miguu hunong'ona, ili maneno yasikike. Ubeti ukiisha ndipo unapozipiga mbao kwa nguvu zako zote. Sauti ya Renata ilikuwa ikitoka kwenye spika, na Renata mwenyewe juu ya tarima akipiga dab-dab-dab tangu neno la kwanza, anaukanyaga wimbo wake mwenyewe. Wanawake wakaguna. Bibi Crescencia, mchezaji wetu mkongwe, akavumilia, akashindwa, akainuka, akapita katikati ya moshi na kumgusa bega.

Hapa hata mtoto anajua maana yake: umecheza vizuri, ahsante, sasa ni zamu yangu. Unatabasamu, unashuka. Renata hakujua. Aliusukuma ule mkono kama anayefukuza nzi, akaendelea.

Abundio akaacha kupiga.

"Simamisheni!" Iker akapiga kelele. "Bibi ameingia kwenye picha! Jamani, mtoeni huyu bibi!"

"Anitoe nani?" Bibi Crescencia akauliza kutoka juu. "Nimecheza tarima mamako hajaota meno."

Nikamtazama Nereida. Mwaka wake wote wa masomo ulikuwa upande mmoja, na upande wa pili alisimama bibi aliyemfundisha kucheza kabla hajajua kusoma. Nikauma ulimi, jambo ambalo watu wa hapa hawajaniona nikilifanya mara nyingi.

Nereida akazima mashine ya moshi.

"Mzee Abundio, tupigie tena. Bibi, cheza."

Bibi akacheza. Nereida akavua raba zake, akachukua viatu vyangu, akapanda na kumgusa bega. Bibi akatabasamu, akashuka. Na yule mtoto akacheza! Kila ubeti ulipoimbwa, miguu yake ilikuwa mvua ndogo juu ya paa. Tukayasikia maneno ya Renata kwa mara ya kwanza.

Aliposhuka anahema, alisema, "Tunabadilisha. Tunarekodi hivi, kila mwanamke kwa zamu yake."

"Na mpango je?" Iker akauliza.

"Mpango niliuandika mimi, na nimeukosea mimi."

"Wimbo ni wangu!" Renata akaja juu. "Mimi nitakuwa nani, mmoja wa kundi?"

"Utaanza wewe. Ukiguswa, utashuka."

"Na tukifeli?"

"Nitasema nimewafelisha mimi."

Renata akaondoka akaketi karibu na jiko langu, amenuna. Nikampa tamale, akala. Bibi Crescencia akamfuata.

"Binti, wimbo wako unamlilia nani?"

"Mama yangu. Amefariki."

"Sasa mbona unampigia makelele?"

Renata akacheka, kicheko kikageuka kilio, na bibi akamshika mpaka kikaisha. Kisha akamfundisha palepale jikoni, juu ya sakafu yangu. Tuliporudi uani, Renata alicheza kwa kunong'ona. Aliyemgusa bega wa kwanza nilikuwa mimi. Aligeuka, akatabasamu, akashuka. Ndiyo, nimo kwenye video, na nimependeza.

Siku ya kuonyesha kazi tulijaa mstari wa mbele wa ukumbi kule Xalapa. Video ilipoisha, mwalimu akamwita Nereida jukwaani.

"Nilipitisha video ya mtu mmoja. Huyo mmoja yuko wapi?"

"Nilibadilisha mimi, mwalimu. Wenzangu hawana kosa. Kama ni kurudia mwaka, nirudie..." Nilitaka kuinuka, Bibi Crescencia akanivuta sketi nikae.

Renata alikuwa ameshapanda. Alikwenda taratibu nyuma ya Nereida, akamgusa bega. Nereida akageuka, akatabasamu, akampisha.

"Huyo mmoja ni mimi, mwalimu," Renata akasema. "Tangu mama azikwe nilikuwa namlilia peke yangu. Siku ile niliguswa bega, nikashuka, nikakuta kuna mwingine amepokea. Video ya kwanza ingekuwa nzuri. Lakini huu ndio wimbo wangu."

Walifaulu, ingawa mwalimu aliwakata alama kwa kuvunja mpango. Akate. Mcheza kwao hutunzwa, na wangu alitunzwa kwa makofi ya ukumbi mzima. Nililia mbele za watu na sikujifuta.

"Umeona?" Bibi Crescencia akaninong'oneza, akimtazama Renata. "Yule wa mjini sasa anajua kucheza."